Sigara, moshi wa wengine na sheria za tumbaku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wavutaji, na watu wanaoishi nao, na wale wanaoshangaa kwa nini sheria za tumbaku zinazidi kubana. Tunaanza na mwili wa mvutaji, tunahamia kwa walio karibu naye, halafu sheria, na mwisho kuacha. Aliyekwisha kuamua kuacha anaweza kurukia sehemu ya mwisho moja kwa moja.

Jambo moja litajirudia. Mambo mengi yanayoonekana kama suluhu ya katikati, kama vile sigara "nyepesi", dirisha lililoachwa wazi, chumba cha wavutaji au mbili tu kwa siku, hayapunguzi madhara kwa kiasi ambacho watu hudhani. Baadhi yake yalibuniwa au kutetewa na wauza sigara wenyewe.

Babu yangu alivuta hadi uzeeni na hakuugua. Kwa nini niogope?

Watu wa namna hiyo wapo, na kila ukoo una wake wa kumtaja. Wasiotajwa ni wale waliokufa wakiwa na miaka 52, kwa sababu hawapo barazani kusimulia.

Ndiyo maana watafiti hawamhesabu babu mmoja. Mwaka 1951 Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuwafuatilia madaktari wanaume wa Uingereza zaidi ya 34,000, na kazi hiyo ikaendelea kwa miaka 50. Walioendelea kuvuta walikufa, kwa wastani, miaka 10 mapema kuliko wenzao ambao hawakuwahi kuvuta. Ukumbuke kwamba hawa walikuwa madaktari, watu wenye kipato kizuri na matibabu karibu, kwa hiyo tofauti hiyo haiwezi kusingiziwa umaskini. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji. Aliacha alipoyaona matokeo ya utafiti wake wa awali, uliochapishwa mwaka 1950.

Kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Kati yao zaidi ya milioni moja hawakuwa wavutaji. Asiyeacha ana uwezekano wa takriban nusu kwa nusu wa kuuawa na sigara yake. Babu alikuwa upande wa pili wa shilingi.

Moshi wa sigara una nini hasa?

Una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Zimo benzini, formaldehaidi, arseniki, kadmiamu, na hata poloniamu-210, ambayo ni elementi yenye mionzi. Nyingi hazikuwekwa na mtu makusudi. Huzaliwa pale jani linapoungua, na ndiyo sababu sigara iitwayo "ya asili" au "isiyo na kemikali" haina nafuu yoyote. Ukiunguza jani lolote ukavuta moshi wake, umevuta lami.

Kaboni monoksaidi inastahili maneno machache zaidi. Gesi hii hushikamana na hemoglobini, yaani kibebaji cha oksijeni kwenye damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo damu ya mvutaji huzunguka ikiwa imebeba oksijeni pungufu, na moyo hulazimika kufanya kazi zaidi huku wenyewe ukipata hewa haba. Watu huiwaza sigara kuwa ugonjwa wa mapafu, lakini sumu zake huingia kwenye damu na kufika popote damu inapofika. Ndiyo maana imo hata saratani ya kibofu cha mkojo, mahali ambapo moshi haufiki kabisa: sumu huchujwa na figo, kisha zikakaa kibofuni zikisubiri kutoka.

Mbali na saratani ya mapafu, kuna nini kingine?

Moyo na mishipa ya damu, kwanza kabisa. Mshtuko wa moyo na kiharusi vinawachukua wavutaji wengi, na vinawachukua mapema, wakiwa bado na watoto wa kusomesha. Halafu kuna ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ule unaomfanya mtu ashindwe kupanda ngazi, baadaye ashindwe kutembea hadi mlangoni, na mwishowe ashindwe kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi. Huu hauna tiba ya kurudisha mapafu yalivyokuwa. Naona unazungumzwa kidogo mno ukilinganisha na mateso yake.

Saratani nazo ni nyingi: ya mdomo, koo, umio, kongosho, figo, kibofu, mlango wa kizazi, ini, tumbo, utumbo mpana, na aina ya saratani ya damu. Uvutaji huongeza uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili kwa asilimia 30 hadi 40. Hatari ya kuugua kifua kikuu nayo huongezeka karibu maradufu. Mtoto wa jicho, fizi kuoza na meno kulegea, mifupa kuwa dhaifu, vidonda kuchelewa kupona baada ya upasuaji, haya yote yamo. Kwa wanaume, mishipa ya damu iliyoharibika huanza kujionyesha chumbani kabla ya kujionyesha moyoni. Kijana ambaye hatishwi na saratani ya miaka 30 ijayo pengine atalisikia hili.

Je, ni nikotini inayosababisha saratani?

Hapana, na watu wengi hukosea hapa, hata baadhi ya wahudumu wa afya. Nikotini ndiyo inayokufunga, moshi ndio unaokuua. Ukivuta, nikotini hufika ubongoni ndani ya sekunde 10 hadi 20 na kufyatua dopamini, kemikali ya raha. Baada ya muda kiwango chake hushuka, mwili unaanza kudai, unawasha nyingine. Kinachoitwa "sigara inanituliza" kwa sehemu kubwa ni kutulizwa kwa arosto iliyoletwa na sigara iliyopita.

Hii haina maana kwamba nikotini ni ya kuchezewa. Hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, si salama kwa mimba, na huathiri ubongo wa kijana, ambao huendelea kukua hadi karibu miaka 25. Lakini mtu anayeogopa vibandiko vya nikotini kwa kudhani ni sumu ileile ya sigara, halafu akaendelea kuvuta, amekwepa dawa akabaki na ugonjwa.

Mimi navuta mbili au tatu tu kwa siku. Si afadhali?

Kwa saratani ya mapafu, idadi na miaka vina uzito, kwa hiyo chache ni afadhali kuliko nyingi. Kwa moyo mambo ni tofauti kabisa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja kwa siku hubeba takriban nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyonayo anayevuta 20. Si moja ya ishirini, ni nusu. Sababu ni kwamba chembe za damu zinazogandisha na kuta za mishipa huitikia kiasi kidogo sana cha moshi, na hazisubiri pakiti iishe.

Kupunguza ni kuzuri kama ni njia ya kuelekea sifuri kwa tarehe iliyopangwa. Kukikaa kama makazi ya kudumu, moyo hauoni tofauti kubwa.

Na sigara "nyepesi", au zenye kichungi?

Hadithi ya sigara nyepesi inafaa kujulikana na kila mvutaji. Kichungi chake kilitobolewa vitundu vidogo vidogo visivyoonekana kwa urahisi. Mashine ya kupima iliposhika sigara hiyo, hewa safi iliingia kupitia vitundu, moshi ukachanganyika na hewa, na kipimo cha lami kikasoma kidogo. Binadamu hashiki sigara kama mashine. Vidole na midomo yake huziba vile vitundu, na kwa kuwa ubongo unadai nikotini yake ileile, huvuta kwa nguvu zaidi na kushikilia moshi ndani kwa muda mrefu. Mwisho wa siku amepata sumu ileile huku akijipongeza.

Mwaka 2006 Jaji Gladys Kessler wa mahakama ya shirikisho ya Marekani aliamua kwamba kampuni kubwa za sigara ziliuhadaa umma kwa miaka mingi, pamoja na kwenye suala hili. Nchi nyingi sasa zimepiga marufuku maneno kama "nyepesi" kwenye pakiti. Rangi hafifu za pakiti zimebaki zikifanya kazi ya yale maneno.

Kichungi chenyewe ni plastiki, selulosi asetati. Matrilioni ya vipisi hutupwa kila mwaka na haviozi kama karatasi.

Shisha hupita kwenye maji. Maji si yanachuja?

Maji yanapoza moshi. Kuupoza ndiko kunakokufanya uvute mwingi zaidi na kwa kina zaidi bila kukohoa, lakini sumu nyingi hupita zilivyo. Kikao cha saa moja kinaweza kumpa mtu ujazo wa moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Mkaa unaowaka juu yake huongeza kaboni monoksaidi yake, na wapo watu wanaozimia vikaoni wakidhani ni joto. Ladha ya matunda haibadilishi chochote. Mdomo wa mpira unaozunguka kutoka kwa mtu hadi mtu nao huzungusha maambukizi.

Ugoro na tumbaku ya kutafuna je? Hakuna moshi pale.

Hakuna moshi, ila kuna nikotini tele na kemikali ziitwazo nitrosamini ambazo hukaa zikigusa fizi na shavu moja kwa moja. Saratani ya mdomo, ya umio na ya kongosho zimethibitishwa. Ukiona doa jeupe ndani ya mdomo lisilofutika, au kidonda kisichopona kwa wiki mbili au tatu, nenda kwa daktari wa meno. Usisubiri kiume.

Sigara za kielektroniki ni salama?

Si salama, na pia si sawa na sigara ya kawaida. Kauli zote mbili ni za kweli, na ugomvi mwingi hutokana na watu kushika moja na kuitupa nyingine.

Hazichomi jani, kwa hiyo hazina lami wala kaboni monoksaidi kwa kiwango cha sigara. Mvutaji mtu mzima aliyehamia kabisa hupunguza sumu nyingi anazoingiza, na ushahidi wa majaribio ya kitabibu unaonyesha kwamba zimewasaidia baadhi ya watu kuacha. Anayevuta zote mbili, ya moto asubuhi na ya umeme mchana, amepata kidogo sana au hajapata kitu. Kwa kijana ambaye hakuwahi kuvuta, hakuna cha kujadili: amechukua uraibu bure, mara nyingi kwa nikotini ya kiwango cha juu iliyofunikwa kwa utamu wa pipi. Madhara yake ya miaka 30 au 40 hayajaweza kupimwa, kwa sababu bidhaa yenyewe haina umri huo.

Mlipuko wa magonjwa ya mapafu uliotokea Marekani mwaka 2019 hutajwa mara nyingi. Watu zaidi ya 2,800 walilazwa au kufariki, na sababu kuu ilionekana kuwa asetati ya vitamini E iliyotiwa kwenye vimiminika vya kuvutwa vyenye kilevi cha bangi, vingi vikiwa vya magendo. Funzo lake la kweli ni kwamba mafuta yanayofaa kupakwa kwenye ngozi au kumezwa hayafai kuvutwa mapafuni.

Moshi wa wengine ni nini, na unadhuru kweli au ni kero tu?

Ni mchanganyiko wa moshi anaoutoa mvutaji na ule unaopanda kutoka kwenye ncha inayowaka. Huu wa ncha ndio mwingi zaidi, na kwa uzito uleule una sumu zaidi, kwa kuwa unatokana na moto hafifu na haukupita kwenye kichungi chochote.

Ushahidi mkubwa wa kwanza ulitoka Japani. Mwaka 1981 Takeshi Hirayama alichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 14 wanawake zaidi ya 90,000 ambao hawakuvuta. Wale walioolewa na wavutaji walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu, na kadiri mume alivyovuta sana ndivyo hatari ya mke ilivyopanda. Kampuni za sigara zilitumia fedha nyingi kuushambulia utafiti huo. Tafiti zilizofuata katika nchi nyingine ziliuunga mkono.

Leo takwimu zinakubalika: asiyevuta anayeishi au kufanya kazi kwenye moshi ana hatari ya ugonjwa wa moyo iliyoongezeka kwa asilimia 25 hadi 30, na ya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 hadi 30. Mwaka 2006 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti iliyosema hakuna kiwango cha moshi huu kisicho na madhara.

Mimi huvutia dirishani, au nawasha feni. Haitoshi?

Haitoshi. Chembe za moshi ni ndogo mno, husambaa nyumba nzima kupitia chini ya milango, na hubaki hewani muda mrefu baada ya harufu kupungua. Feni huuzungusha. Manukato huficha harufu na kuacha sumu. Kwenye gari hali ni mbaya zaidi hata vioo vikiwa vimeshushwa, maana nafasi ni finyu.

Kinachofanya kazi ni kutoka nje kabisa, mbali na mlango na madirisha. Nyumba nyingi zimeanza kwa sharti hilo moja kabla mvutaji hajaacha, na lina faida ya pembeni: sigara inayohitaji kuvaa viatu na kutoka nje huvutwa mara chache.

Kwa nini watoto huathirika zaidi?

Wanapumua haraka kuliko watu wazima, mapafu yao bado yanajengeka, na hawana uwezo wa kuondoka chumbani. Mtoto mchanga hawezi hata kulalamika. Moshi unawaletea nimonia na mkamba, pumu inayozidi, maambukizi ya sikio la kati ambayo huweza kupunguza usikivu, na kwa wachanga, vifo vya ghafla usingizini.

Kwa mjamzito, uvutaji wake au moshi wa mwenzake humfikia mtoto tumboni kwa njia ya damu. Matokeo yake ni uzito mdogo wa kuzaliwa na, hasa mama akivuta, kuzaliwa njiti na mtoto kufia tumboni. Nasisitiza habari ya mwenzake, kwa sababu mara nyingi lawama zote humwangukia mama, hali anayejaza chumba moshi ni baba.

Harufu inayobaki kwenye nguo na mapazia ina shida?

Ni masalia ya kemikali za moshi yaliyonata, na hurudi hewani kidogo kidogo. Mtoto anayetambaa huyagusa na kuyatia mdomoni. Uzito wake kiafya ni mdogo kuliko moshi wenyewe, lakini baada ya kuvuta osha mikono na ubadilishe shati kabla ya kumpakata mchanga.

Namwambiaje mzazi au mkwe asivutie ndani?

Zungumzia moshi, usizungumzie tabia yake. "Baba, kifua cha mtoto kinabana, naomba tuwe tunavutia nje" ni ombi linaloweza kutimizwa leo. "Baba, acha sigara" ni vita. Mwekee kiti nje, penye kivuli. Heshima yake inabaki, na hewa ya ndani inabaki safi. Na usimwambie mbele ya wageni.

Kwa nini serikali iingilie? Si ni mwili wangu?

Sheria nyingi za tumbaku hazikukatazi kuvuta. Zinakataza kuvutia ndani ya mahali watu wengine wanapofanya kazi, kula au kusafiri. Mhudumu wa baa hana chaguo la kutopumua kwa saa nane.

Msingi wake kimataifa ni Mkataba wa Mfumo wa WHO wa Udhibiti wa Tumbaku, uliopitishwa Mei 2003 na kuanza kutumika tarehe 27 Februari 2005. Zaidi ya nchi 180 ni wanachama. Marekani ilitia saini lakini haijauridhia. Mkataba unataka ushuru mkubwa, maeneo ya umma yasiyo na moshi, maonyo kwenye pakiti, kupiga marufuku matangazo na udhamini, na msaada kwa wanaotaka kuacha. Kifungu cha 5.3 kinazitaka serikali zilinde sera zao dhidi ya maslahi ya kampuni za tumbaku. Kwa maoni yangu hicho ndicho kifungu muhimu kuliko vyote, na ndicho kinachovunjwa kimya kimya zaidi.

Chumba maalumu cha wavutaji si suluhu nzuri kwa wote?

Mlango hufunguliwa, moshi hutoka. Mfagizi huingia humo kila siku. Miongozo ya mkataba iliyopitishwa mwaka 2007 inasema wazi kwamba mitambo ya kubadilisha hewa na vyumba vya wavutaji havilindi watu.

Ireland ilikuwa nchi ya kwanza kuondoa moshi kwenye sehemu zote za kazi za ndani, baa zikiwemo, tarehe 29 Machi 2004. Scotland ilifuata Machi 2006, na watafiti walihesabu waliolazwa kwa matatizo ya ghafla ya moyo katika hospitali tisa kabla na baada ya sheria: walipungua kwa asilimia 17. Sehemu kubwa ya waliopona balaa hiyo walikuwa watu wasiovuta.

Biashara za hoteli na baa hazifi?

Ubashiri wa maafa hutolewa kila nchi kabla ya sheria. Tafiti zinazotumia mapato halisi na rekodi za kodi, badala ya kuwauliza wenye baa wanahisi nini, kwa jumla hazikuona hasara. Watu wengi hawavuti, na baadhi yao walikuwa hawaingii kwa sababu ya moshi.

Ushuru mkubwa si unamwonea maskini?

Swali zuri, na halistahili jibu jepesi. Bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hushuka kwa takriban asilimia 4 katika nchi tajiri na asilimia 5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaopunguza au kuacha zaidi ni vijana na watu wa kipato kidogo, na hao ndio ambao familia zao huumia zaidi mlezi akiugua. Kwa jicho hilo, ushuru unamwokoa maskini kuliko tajiri.

Lakini maskini asiyeweza kuacha hulipa zaidi, na hilo ni kweli. Serikali inayopandisha ushuru bila kuweka dawa na ushauri wa kuacha kwenye vituo vya afya imefanya nusu ya kazi na kuchukua fedha yote. WHO inapendekeza kodi zifikie angalau asilimia 75 ya bei ya rejareja.

Hoja ya magendo hutolewa kila mara ushuru unapotajwa. Magendo hutegemea zaidi udhaifu wa forodha na rushwa kuliko ukubwa wa kodi, na kuna itifaki maalumu ya kuyakomesha iliyoanza kutumika mwaka 2018.

Picha za kutisha kwenye pakiti zinasaidia chochote?

Zinasaidia, hasa kwa wasiosoma na kwa vijana ambao hawajaanza. Mvutaji wa pakiti moja kwa siku hukutana na onyo hilo maelfu ya mara kwa mwaka, bila serikali kulipia tangazo. Canada ilianza picha mwaka 2001. Australia ilikwenda mbali zaidi Desemba 2012 kwa kuondoa nembo na rangi zote, pakiti zikabaki na kahawia ya kuchukiza. Uruguay ilipoweka maonyo ya asilimia 80 ya pakiti, kampuni ya Philip Morris iliishitaki mbele ya mahakama ya usuluhishi, na mwaka 2016 kampuni ikashindwa. Hakuna anayepeleka nchi mahakamani kwa sababu ya picha isiyofanya kazi.

Ni kweli kampuni zilijua?

Zilijua. Nyaraka zao zilizofichuliwa kupitia kesi za Marekani katika miaka ya 1990 zinaonyesha hivyo. Waraka mmoja wa ndani wa kampuni ya Brown & Williamson wa mwaka 1969 ulisema kwamba bidhaa yao ni shaka. Mpango ulikuwa kuuacha umma ukidhani wanasayansi bado wanabishana. Tarehe 14 Aprili 1994 wakuu saba wa kampuni hizo waliapa mbele ya kamati ya bunge la Marekani kwamba hawaamini nikotini inaleta uraibu.

Nikiacha leo, mwili unapona?

Mapigo ya moyo hushuka ndani ya dakika 20. Kaboni monoksaidi huondoka kwenye damu ndani ya siku moja hivi. Katika wiki na miezi inayofuata kikohozi na kukosa pumzi hupungua. Baada ya mwaka, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo huwa imeshuka hadi karibu nusu, na baada ya miaka 10 hatari ya saratani ya mapafu ni takriban nusu ya ile ya anayeendelea.

Wale madaktari wa Uingereza walitupa jibu la umri pia. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alipata takriban miaka 3 ya ziada ya kuishi, wa miaka 50 alipata 6, wa miaka 40 alipata 9, na wa miaka 30 karibu yote 10.

Niache ghafla au polepole? Na dawa zinasaidia?

Panga siku, halafu siku hiyo usivute hata moja. Arosto huwa kali katika siku tatu hadi saba za mwanzo: hasira, usingizi kukatika, njaa, kushindwa kutulia. Ndani ya wiki mbili hadi nne sehemu kubwa huwa imepita. Kila kiu ya sigara ikija yenyewe hudumu dakika chache tu. Kunywa maji, tembea, mpigie mtu simu, na isubiri ipite.

Wanaojaribu kwa nguvu ya nia peke yake wengi hurudi, hata wenye nia ngumu. Vibandiko vya nikotini vikitumika pamoja na chingamu au pipi za nikotini hufanya vizuri kuliko kimoja pekee. Varenikilini ni miongoni mwa dawa zenye nguvu zaidi, na kwa kawaida huanzwa wiki moja kabla ya siku ya kuacha. Zipo pia bupropioni na sitisini. Bidhaa za nikotini zimo kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu 2009, na varenikilini na bupropioni ziliongezwa 2021, kwa hiyo si kosa kuziulizia kituoni. Mwambie daktari kama una mimba, kifafa, ugonjwa wa figo au unatumia dawa nyingine. Maongezi mafupi na mhudumu wa afya yakiongezwa kwenye dawa, uwezekano hupanda zaidi.

Nitanenepa?

Pengine kilo 4 au 5 katika mwaka wa kwanza. Moyo wako unazibeba kwa urahisi kuliko sigara.

Niliacha, nikarudia. Nimeshindwa?

Wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa kabla. Chunguza ulirudia wapi: kwenye pombe, kwenye msiba, kwenye kikao na rafiki fulani? Hapo ndipo pa kupanga upya. Sigara moja iliyoteleza isigeuzwe kuwa pakiti kwa kisingizio cha "nimeshaharibu".

Tayari nina saratani au ugonjwa wa moyo. Kuacha kuna faida gani sasa?

Kubwa kuliko wengi wanavyoambiwa. Baada ya mshtuko wa moyo, kuacha hupunguza uwezekano wa kufa kwa kiwango kinachoshindana na dawa bora za moyo. Kwa mwenye saratani, mionzi na dawa hufanya kazi vizuri zaidi, vidonda vya upasuaji hupona haraka, na uwezekano wa saratani ya pili hupungua. Waambie ukweli wahudumu wako kuhusu unavyovuta, hata kama umeulizwa mbele ya ndugu na ukaona haya. Wanahitaji kujua ili wakupimie dawa ipasavyo, maana moshi hubadilisha jinsi mwili unavyotumia baadhi ya dawa, na siku ukiacha vipimo hivyo huenda vikahitaji kurekebishwa.